Faida ya Haki na Faida ya Hila: Somo juu ya Biashara ya Karata

Somo la 17 katika mafundisho ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake, na mwalimu wa darasa ameandika ubaoni maneno mapya ya leo. Ikiwa umechelewa, ingia polepole ukae, hatujafika mbali. Nawe unayesoma somo hili katika karatasi bila kulisikia, lisome kwa sauti kama waweza, maana maneno haya yaliandikwa ili yasikike.

Kwanza tuyasome maneno mapya pamoja.

Adimu: kitu kisichopatikana kwa urahisi.
Thamani: kiasi ambacho watu wako tayari kukitoa ili wakipate kitu.
Mtaji: fedha ya kuanzia biashara.
Faida: fedha inayobaki baada ya kuondoa gharama zote.
Kulangua: kununua vitu vingi kwa makusudi ili vipungue sokoni, kisha kuviuza kwa bei ya juu.
Kughushi: kukifanya kitu kionekane kuwa si kile kilicho.

Mmeyaandika? Vyema. Shikeni sana neno la tano na la sita, maana tutayarudia.

KARATA GANI HIZI?

Sote twazijua karata. Jioni watu wanne hukaa barazani, mmoja akachanganya, mwingine akakata, na kopa, uru, shupaza na pau zikashuka mkekani moja moja. Kasha lako lina karata 52, na kasha la jirani yako lina karata 52 zile zile. Ukipoteza ree ya kopa, wanunua kasha jingine, na mambo yamekwisha. Hakuna mtu atakayekuja mlangoni kwako na mfuko wa fedha kwa ajili ya ree yako ya kopa.

Karata za somo letu la leo ni za namna nyingine. Ni karata za kukusanya. Kampuni huchapa karata za picha nyingi mbalimbali, mia au zaidi katika fungu moja. Kisha huzitia chache chache katika pakiti zilizofungwa. Picha nyingine huchapwa kwa wingi, nyingine kwa uchache. Mnunuzi hulipa kwanza, ndipo afungue aone bahati yake. Akipata anayoitaka, hufurahi. Asipoipata, hununua pakiti nyingine, au humtafuta mwenzake wabadilishane.

Jambo hili si jipya. Kati ya mwaka 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco huko Marekani ilitia katika pakiti za sigara picha ndogo za wachezaji wa besiboli, mchezo wa mpira na gongo. Picha ya mchezaji mmoja, Honus Wagner, ilitoka kwa uchache sana. Watu waliozikusanya wakahangaika kuitafuta. Basi sikilizeni: mwezi wa Agosti mwaka 2022, kipande kimoja cha karatasi chenye picha ya Wagner kiliuzwa kwa dola 7,250,000. Kilianza kama kitu cha bure ndani ya pakiti ya sigara.

Mwaka 1993 mwalimu mmoja wa hesabu wa Marekani, Richard Garfield, alitunga mchezo uitwao Magic: The Gathering. Huu ulikuwa mchezo wa kushindana kwa karata za kukusanya: karata unazozikusanya ndizo unazopigania. Mwaka 1996 Wajapani wakatoa karata za Pokémon, zenye picha za wanyama wa hadithi, nao watoto wa nchi nyingi wakazipenda. Hata mwezi wa Machi mwaka 2024, karata za Pokémon zilizochapwa tangu mwanzo zilikuwa zaidi ya milioni elfu 64. Hesabu hiyo ni kubwa kuliko tunavyoweza kuiwaza. Hata hivyo katika wingi huo zimo zilizo adimu, na hizo ndizo zilizowaleta wafanyabiashara.

Huenda mmoja wenu anasema moyoni mwake: "Mwalimu, mambo haya ya picha za watoto wa Japani na Marekani yanitakiani mimi?" Swali zuri. Nimeichagua karata kwa sababu hailiwi, haivaliwi, wala haitibu homa. Tukiitazama biashara ya kitu kisicho na lazima, twaweza kuona vizuri zaidi faida ilipo halali na ilipo ya hila, bila macho yetu kutiwa ukungu na njaa. Kisha wewe mwenyewe utaichukua kanuni hiyo hadi sokoni kwako.

MTU ANAYENUNUA ILI AUZE

Sasa shikeni kalamu. Tuseme yuko mtu Marekani, na mtaji wake ni mdogo. Ananunua dukani pakiti 20 za karata, kila moja kwa dola 4. Je, ametoa kiasi gani? Dola 80. Anaziuza kwa dola 7 kila moja. Je, amepokea kiasi gani? Dola 140. Mwanafunzi mwenye haraka atasema faida ni dola 60. Lakini ngojeni kwanza. Alitumia dola 12 kwa nauli, bahasha na stampu. Basi faida yake ni dola 48. Andikeni hivyo.

Je, mtu huyu ametenda kosa? Wako watu wanaosema ndiyo, bila kungoja. Wanasema: "Hakuichapa karata, hakuichora, hakuiongezea kitu. Ameinunua asubuhi na kuiuza jioni. Fedha yake ni ya wizi." Mimi nasema tusiwe wepesi hivyo. Mchuuzi wa samaki hakumvua samaki wala hakumuumba. Amempokea pwani, amemtia tengani, amepanda mlima naye kwa baisikeli, na kule juu mama mwenye wageni amempata samaki. Hakuna anayemwita mchuuzi yule mwizi. Safari yake ni kazi, na samaki akioza hasara ni yake.

Mwuza karata mwema hufanya kazi ya namna hiyo. Yuko mtoto aliyekusanya fungu zima, amebakiwa na picha moja tu. Angenunua pakiti 100 asiipate. Mchuuzi amekwisha zifungua, amezichambua, amezitunza zisipate unyevu wala kukunjika, naye humwuzia mtoto ile moja anayoitaka. Mtoto ameokoa fedha na mchuuzi amepata riziki yake. Wote wawili wameondoka wakiwa bora kuliko walivyokuja. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya biashara ya haki.

Kwa hiyo faida peke yake si dhambi. Tusiilaumu faida, tutazame njia iliyoiingia.

HILA YA KWANZA: KUMALIZA RAFU

Nitawasimulia mambo matatu yaliyotokea kweli.

La kwanza lilitokea Marekani. Mwezi wa Mei mwaka 2021, wakati bei za karata zilipokuwa zimepanda sana, watu waligombana juu ya karata katika uwanja wa magari nje ya duka, mjini Brookfield, jimbo la Wisconsin. Mtu mmoja alishambuliwa na wanaume wanne. Naye akatoa bastola. Kwa bahati njema haikulia. Siku chache baadaye maduka ya Target yakaacha kwa muda kuuza karata hizo rafuni, kwa ajili ya usalama wa watu. Fikirini: picha za kuchezea watoto, na bastola.

La pili lilitokea Uholanzi. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, nyumba ya makumbusho ya mchoraji Vincent van Gogh mjini Amsterdam ilianza maonyesho pamoja na wenye Pokémon. Watoto walialikwa kuzitazama picha, wajibu maswali, kisha wapewe karata moja bure, yenye mnyama Pikachu amevaa kofia ya kijivu. Nia ilikuwa njema: mtoto aje kwa ajili ya karata, aondoke ameona kazi ya mchoraji mkubwa. Lakini watu wazima walijaa wakisukumana, na muda si muda karata ile ya bure ilikuwa ikiuzwa kwa fedha nyingi. Mwezi wa Oktoba makumbusho yakaacha kuitoa, yakieleza kwamba ni kwa usalama wa wageni na wafanyakazi. Mtoto aliyekuja baada ya hapo akakuta imekwisha ondolewa.

La tatu lilitokea Japani. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 mikahawa ya McDonald's ya huko iliuza chakula cha watoto pamoja na karata za Pokémon. Ilikusudiwa kuwa kwa siku tatu, tarehe 9 hadi 11, na kulikuwa na kiasi kilichowekwa kwa kila mnunuzi. Lakini penye mikahawa mingi karata zilikwisha siku ya kwanza. Watu walinunua chakula kingi, wakatwaa karata, na chakula chenyewe wakakiacha au kukitupa. Picha za mifuko ya chakula kizima kilichotupwa zikaenea, na kampuni ikaomba radhi, ikikiri kwamba matengenezo yake hayakutosha.

Sasa nawauliza: katika hadithi hizi tatu, kosa li wapi? Si katika kuuza kwa bei ya juu peke yake. Mtu aliyechukua karata moja kwa zamu yake, kisha akamwuzia mtu mzima mwenzake anayeitamani, hakumdhulumu mtu. Kosa liko mahali pengine. Kitu kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya watoto, naye mtu mzima mwenye nguvu na fedha amesimama katikati, akasema: "Hakipiti ila kwangu." Hakuleta kitu kutoka mbali kama mchuuzi wa samaki. Kitu kilikuwa tayari kimefika, nacho kilikuwa mbele ya mtoto. Yeye amekiondoa tu, kisha anamwuzia mtoto kile kile alichomwondolea. Huko ndiko kulangua.

Na ulanguzi haukai peke yake. Huja na ndugu zake. Ukiwekewa kiasi cha pakiti tano, mlanguzi huleta binamu zake watano. Ukikatazwa kurudi, hubadili kofia akarudi. Kila hatua ni uongo mdogo, na uongo mdogo mwingi hufanya mzigo. Kile chakula kilichotupwa sina haja ya kukieleza. Kila aliyepata kulala na njaa, hata usiku mmoja, anakielewa bila mwalimu.

Wengine husema: "Lakini karata si unga. Asiyepata karata hafi." Ni kweli, na kweli hii tuipe haki yake. Kuficha sukari au dawa wakati wa shida ni kosa kubwa zaidi, maana hapo maisha ya watu yamo hatarini. Lakini kosa dogo ni kosa. Tena anayejizoeza kumzunguka mtoto katika kitu cha kuchezea, mkono wake umejifunza njia. Siku ya unga mkono huo hautahitaji mwalimu.

HILA YA PILI: KUKIFICHA KILICHOMO

Hila ya pili ni kumwuzia mtu kitu asichokijua, huku wewe unakijua.

Katika pakiti za zamani za Pokémon, karata adimu zenye kung'aa zilikuwa na utando mwembamba kama wa bati, kwa hiyo pakiti yenye karata hiyo ilikuwa nzito kidogo sana kuliko nyenzake. Watu wajanja wakanunua mizani midogo. Walizipima pakiti moja moja, zilizo nzito wakazifungua wenyewe, na zilizo nyepesi wakawauzia wengine, bado zimefungwa na zinang'aa. Msikilizaji, mizani haikudanganya hapo. Mtu ndiye aliyedanganya. Pakiti iliyofungwa huuzwa kwa ajili ya tumaini lililomo ndani. Aliyeipima amekwisha lila tumaini, naye anauza ganda.

Kisa kingine kinaihusu karata ile ya Wagner niliyoitaja. Moja ya karata hizo, ambayo ni mashuhuri kuliko zote, ilisifiwa miaka mingi kwa sababu kingo zake zilikuwa kali na safi, kana kwamba imetoka kiwandani jana. Mwaka 1991 ilinunuliwa mnadani kwa dola 451,000, na mmoja wa wanunuzi alikuwa Wayne Gretzky, mchezaji maarufu wa hoki. Baadaye, mwaka 2007, ilipita dola milioni 2. Lakini mwaka 2013 mwenye minada mmoja, Bill Mastro, ambaye karata ile ilikuwa imepita mkononi mwake zamani, alikiri mbele ya mahakama mjini Chicago kwamba alizikata kingo zake ili zionekane mpya. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa udanganyifu katika biashara yake ya minada. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Hii ilikuwa ndefu kidogo, lakini mwisho ilifika.

Ni nini kilichofanya tendo hili liwe baya? Karata yenyewe ilikuwa ya kweli. Wagner alikuwa yule yule. Lakini mnunuzi alilipa kwa ajili ya kitu kilichopita miaka 80 bila kuguswa, naye akapewa kitu kilichopitiwa na kisu. Huku ndiko kughushi. Kanuni yake ni nyepesi, nawe waweza kuikariri leo: mwambie mnunuzi kile ambacho wewe mwenyewe ungetaka kukijua kabla ya kulipa. Kama ina mkunjo, sema ina mkunjo. Kama pakiti imepimwa, sema imepimwa. Akiisha kujua, akalipa, mmekwisha. Hana neno nawe.

HILA YA TATU, NA DENI LANGU MIMI

Sasa nafika mahali pagumu, nami nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Nilipokuwa mtoto tulikusanya picha za wachezaji wa mpira zilizotoka katika pakiti za chingamu. Mtaani petu picha moja ilikosekana kabisa. Siku moja akahamia mtoto mpya, mdogo kuliko sisi, na katika kopo lake nikaiona ile picha. Hakujua kwamba tunaitafuta. Akaniuliza: "Kaka, hii ni nzuri?" Nikamjibu: "Ah, ya kawaida tu." Nikampa picha mbili ninazozo kwa wingi, akafurahi, akanishukuru. Jioni ile ile nikaiuza kwa kijana mkubwa kwa shilingi mbili.

Kesho yake akasikia. Hakulia, wala hakwenda kunishitaki kwa baba yangu. Aliacha tu kuja barazani kwetu. Nami nilikula maandazi ya zile shilingi mbili, na ladha yake siikumbuki. Namkumbuka yeye akipita upande wa pili wa njia na kopo lake.

Je, kosa langu lilikuwa nini? Fikirini vizuri, maana si rahisi. Je, ni kosa kujua zaidi ya mwenzako? Hasha. Kujua ni kazi. Mtu aliyesoma miaka kumi habari za karata, akaingia katika duka, akaiona karata nzuri imewekewa bei ya chini na mwenye duka mwenyewe, akailipa bei ile, huyo hakuiba. Mwenye duka amechukua kazi ya kuuza. Ni wajibu wake kuijua mali yake, na bei aliiweka kwa hiari yake. Leo amepunjika kidogo. Kesho atampunja mwingine kidogo. Hivyo ndivyo soko lilivyo.

Lakini mtoto yule hakuwa mwenye duka. Aliniuliza. Alinipa imani yake, akanifanya kuwa macho yake, nami nikamfumba. Hapo ndipo mpaka ulipo. Unaweza kunyamaza mbele ya mfanyabiashara mwenzako. Huwezi kunyamaza mbele ya mtu aliyekuuliza kwa kukuamini. Na huwezi kabisa kumjibu uongo.

Tuchukue mfano wa mambo yanayowapata wafanyabiashara wa karata huko Ulaya na Marekani. Mama mjane anamletea sanduku la mwanawe aliyekwisha kuwa mkubwa na kuhama. Anasema: "Sijui mambo haya, bwana. Tazama, uniambie zafaa kiasi gani." Mchuuzi anaona ndani karata moja inayoweza kuuzwa kwa dola 1,000. Atoe kiasi gani? Wengine watasema dola 1,000 kamili. Hapana, maana yeye naye ana pango la duka, na huenda akangoja mwaka mzima kabla haijanunuliwa. Wengine watasema dola 20, kwa kuwa mama ataridhika. Hapana tena, maana kuridhika kwa asiyejua si ridhaa. Jawabu la haki ni hili: amwambie kweli. "Mama, hii moja yaweza kuuzwa kwa dola 1,000 ikipata mtu wake. Mimi nitakupa 600 leo, kwa sababu nitangoja na nina gharama. Au ukitaka, kaiuze mwenyewe mnadani." Sasa mama anachagua na macho yake wazi. Hata akichukua 600, amechukua kwa hiari. Na mchuuzi amepata faida ambayo anaweza kuwaeleza watoto wake mezani.

KOSA SI LA MCHUUZI PEKE YAKE

Tusimbebeshe mchuuzi mzigo wote. Wako wengine wawili.

Wa kwanza ni mwenye kuchapa. Uadimu wa karata hizi si kama ukame utokao mbinguni. Ni uadimu wa kupangwa. Mwaka 1996 wenye mchezo wa Magic waliahidi kwamba karata fulani za zamani hawatazichapa tena kamwe. Waliwaahidi hivyo kwa sababu wakusanyaji walilalamika kwamba kuchapwa upya kunazishusha thamani karata zao. Waliozishika wakafurahi; vijana waliotaka kuzichezea wakabaki nje, na bei zikapanda mwaka hata mwaka. Upande wa pili, wenye Pokémon walipoona shida ya mwaka 2021, walisema watachapa kwa nguvu zote. Tufanye hesabu. Hata Machi 2021 zilikuwa zimechapwa karata milioni elfu 34.1 tangu mwanzo. Hata Machi 2022, milioni elfu 43.2. Toeni la kwanza katika la pili. Jibu ni 9.1. Yaani katika mwaka mmoja zilichapwa karata milioni elfu 9 na zaidi. Mlanguzi haogopi maneno. Huogopa lori lenye mzigo mpya. Rafu ikijaa, aliyeficha pakiti uvunguni hubaki nazo.

Wa pili ni mnunuzi, naye huenda ni wewe au mimi. Kila aliyelipa mara tatu ya bei kwa sababu hakuweza kungoja mwezi mmoja amemlipa mlanguzi mshahara. Kwa kitu cha lazima, kama dawa, hatuwezi kumwambia mgonjwa angoje. Lakini kwa karata, subira ni silaha. Baba aliyeweza kumwambia mwanawe, "Tutaipata itakapochapwa tena," amemfundisha mtoto jambo kubwa, tena amemwachia mlanguzi mzigo wake.

MASWALI MANNE YA KUJIPIMA

Sasa tukusanye tuliyojifunza. Kila unaponunua kitu ili ukiuze, iwe karata, iwe nazi, iwe kitambaa, jiulize maswali haya manne. Yaandikeni.

1. Nimefanya kazi gani? Nimekileta, nimekitunza, nimekichambua, au nimekiziba njia tu?
2. Nani amekosa kwa sababu yangu, naye alikihitaji kiasi gani?
3. Je, anayenunua kwangu anakijua ninachokijua juu ya kitu hiki?
4. Je, aliyeniuzia aliniuliza kweli kwa kuniamini, nami nilimjibu nini?

Ukiweza kuyajibu manne haya kwa sauti, mbele ya yule uliyefanya naye biashara, kula faida yako kwa raha, hata iwe kubwa. Ukihitaji kunong'ona katika moja, basi pale pale pana deni. Nami nimewaonyesha la kwangu: miaka mingi imepita, na swali la nne bado silijibu kwa sauti.

KAZI YA DARASA

Zungumzeni juu ya mambo haya kabla ya somo lijalo. Kila mtu aseme maoni yake, na mwalimu asiwe wa kwanza kusema.

1. Mtu amepata karata ya bure katika makumbusho, akaiuza siku ile ile. Je, ametenda kosa? Je, jibu lako litabadilika kama alijipanga mstari mara tano?
2. Tafuta faida: Mtu amenunua karata 15 kwa dola 6 kila moja. Ameuza 10 kwa dola 11 kila moja, na 5 zilizobaki kwa dola 5 kila moja. Gharama zake zilikuwa dola 9.
3. Andika sentensi tatu juu ya biashara ya haki uliyoiona mwenyewe sokoni, na sentensi tatu juu ya biashara ya hila. Usiandike jina la mtu.

Jibu la hesabu ni dola 36. Usilitazame kabla hujajaribu. Najua baadhi yenu mmekwisha litazama, na hiyo nayo ni hila ndogo.

Somo letu lijalo litakuwa juu ya kupima na mizani: ratili, kilo na kibaba. Njooni na daftari zenu. Kwa leo nawaaga. Laleni salama, na mwenye taa aizime vizuri.